Amana za Kwaresima, Runzewe

Shinyanga mjini,
11 Januari 2026

Mwanangu Rhoda,

Mwangaluka. Sisi huku tu wazima. Mvua ilichelewa lakini imekuja, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini. Mke wa Enock amejifungua mapacha, wasichana wote wawili. Kulwa analia, Doto anamsikiliza. Mwanangu Enock anasema halali usiku, ndiyo maana mchana anasinzia kaunta. Alikuwa anasinzia kabla ya mapacha pia, lakini sasa ana sababu.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu unaijua simu yangu. Masikio haya yanataka sauti kubwa, na nikiweka sauti kubwa bei zetu zinasikika mpaka kwa Mzee Champaklal wa vitambaa, ng'ambo ya barabara. Babu yako alikuwa anaweka barua kwenye kila mzigo wa vinywaji aliopeleka kwa wateja wa mbali. Nami nitafanya hivyo. Gregory atakuletea hii na lori.

Sasa la duka. Makapu ya Krismasi huku yameisha mpaka lile la mfano lililokuwa dirishani. Kutoka kwako Gregory amerudi na zaidi ya nusu. Divai ya Dodoma, glasi mbili, biskuti, utepe mwekundu. Mtu gani anakataa?

Na mwaka huu una jambo lake. Jumatano ya Majivu na mwezi wa Ramadhani vinaangukia wiki moja. Mara ya mwisho ilikuwa tisini na tatu. Babu yako alifunga duka akaenda kupalilia pamba. Wateja wetu wa kanisani wataacha kunywa. Na wale wateja wetu ambao miezi kumi na mmoja husahau kuwa ni Waislamu, mwezi huo hukumbuka. Hatutauza, si hapa wala huko.

Kwa hiyo tuelewane mapema. Duka la Runzewe limetimiza miaka miwili. Nalipatia muda mpaka Pasaka. Makapu ya Pasaka yakienda, linabaki. Yakirudi, unafunga, unapakia, unakuja nyumbani kusimama kaunta na Enock.

Nimekuwekea michembe ya viazi. Usile mkate tu.

Shangazi yako,
Euphrasia Mageni


Runzewe,
27 Januari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa Kulwa na Doto, na mpe pole mama yao. Mimi ni mzima. Michembe imefika. Gregory anasema mfuko ulitoboka wenyewe njiani, lakini ulitoboka usawa wa mkono wake.

Uliuliza mtu gani anakataa kapu. Hakatai. Deusdedit, mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, alinunua matatu kwa mpigo. Akatoa chupa palepale, biskuti akazila, makapu akampa Mama Rebeka wa mgahawa hapo jirani awekee dagaa, na utepe akaenda kufungia mlango wa karasha. Nikamwambia, "Deusdedit, hiyo ilikuwa zawadi." Akasema, "Ndiyo. Nimeipokea."

Huku msimu haufuati kalenda, Shangazi. Duara likitema, yaani shimo likitoa mawe yenye dhahabu, hiyo ndiyo Krismasi, hata kama ni Jumanne ya mwezi wa tisa. Lisipotema, Krismasi yenyewe inapita kama Jumanne. Waangalie hata wale wachimbaji wa Mwakitolyo wanaokuja dukani kwako. Umewahi kumsikia mmoja akiuliza tarehe?

Kwa hiyo makapu nitayaweka kwa sababu umesema, lakini nitumie na soda, tangawizi na karanga za kukaanga. Kwaresima ni ndefu na watu wataendelea kuwa na midomo.

Naandika jambo moja wazi, usije kusema sikusema: sitaki kurudi. Duka hili nililipaka rangi mwenyewe. Dari nalo nilipiga mwenyewe, Charles wa spea akishikilia ngazi. Wateja wangu nawajua kwa jina na kwa kiasi wanachobeba.

Wabeja kwa michembe.

Rhoda


Shinyanga mjini,
15 Februari 2026

Mwanangu Rhoda,

Salamu kutoka kwa wote. Kulwa ameanza kumfundisha Doto kulia. Ubatizo utakuwa baada ya Pasaka, na chupa ya sherehe nimeshaitenga mahali ambapo Enock hapajui.

Kwaresima inaanza Jumatano hii. Dirishani nimeondoa chupa zote nimeweka juisi na tende. Tende nimezichukua kwa Mama Naznin wa duka la nafaka. Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. "Euphrasia," akasema, "miaka thelathini nakuona unauza hiyo mizinga yako ya pombe kali, leo umekuja kwangu kununua futari." Nikamwambia aniuzie kwanza, acheke baadaye. Zinakwenda vizuri. Tunaziuza sana kwa Wakatoliki.

Gregory anakuletea soda, tangawizi, karanga, na makapu kumi na mawili ya Pasaka. Utepe safari hii ni wa zambarau, usifungie mlango.

Nimempa Gregory agizo. Atakapopita tena katikati ya Machi, chupa yoyote atakayoikuta imekaa kwenye shelfu bila kununuliwa airudishe Shinyanga. Nitaihitaji kwa makapu ya huku, ambako watu wanajua Pasaka ni lini.

Charles wa spea ni nani? Na hiyo ngazi ni ndefu kiasi gani hata ishikiliwe?

Shangazi yako,
Euphrasia


Runzewe,
6 Machi 2026

Shangazi,

Shikamoo. Habari za masikio, habari za magoti, habari za mapacha? Huku mvua inapiga na barabara ya kwenda machimboni ni tope tupu. Gregory yuko mbali bado, kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi linalolala Shinyanga. Ameapa ataifikisha kesho. Ni muhimu uisome kabla Gregory hajaja, kwa sababu ya lile agizo lako.

Jumatano ya Majivu jioni Deusdedit alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Majivu bado yako kwenye paji la uso. Akakiweka kaunta. Ni chupa aliyoinunua kwangu mwenyewe, imebaki nusu, na amechora mstari wa kalamu pale kinywaji kilipofika.

"Dada Rhoda," akasema, "hii nikikaa nayo nyumbani haifiki Ijumaa. Nikimwaga, nimetupa hela. Nifungie mpaka Pasaka."

"Nikufungie nini? Hapa ni duka, si rumande."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe ukikataa, umekataa. Hata nikikuomba usiku."

Nikachukua karatasi ya katoni, nikamwambia aandike jina na neno lake. Akaandika: *Usinifungulie hata nikilia.* Tukaifunga shingoni kwa kamba, nikaiweka shelfu ya nyuma.

Kesho yake walikuja wanne. Akaja na fundi mmoja wa kompresa, Mwislamu, na mzinga wake mzima. Akaniambia ni wa mgeni wake. Mgeni huyo nimemsikia miaka miwili na hajafika. Nikampokelea mgeni.

Sasa shelfu ya nyuma imejaa na ya pembeni imejaa, chupa zote za watu, kila moja na kitambulisho chake. Masharti ni mawili: ya Mkristo inatoka Pasaka baada ya Misa, ya Mwislamu inatoka siku ya Idi. Katikati hapo hakuna kutoka. Wanakuja kila jioni kuziangalia. Wanakaa, wananunua soda, wanakula karanga, wananibembeleza, nakataa, wanaondoka wamefurahi. Mmoja alilia kweli. Deusdedit akamsomea kitambulisho chake mwenyewe.

Kwa hiyo tafadhali, mwambie Gregory: zenye vitambulisho si zetu. Asiziguse.

Rhoda

Makapu bado yapo.


Shinyanga mjini,
17 Machi 2026

Mwanangu Rhoda,

Sijaona barua yako mwezi mzima. Naamini hujaumwa, kwa sababu Gregory anasema alikukosa dukani Ijumaa kwa kuwa umekwenda Ushirombo kushughulikia leseni. Huku wote wazima. Doto sasa analia vizuri kuliko mwalimu wake.

Mzigo wako uliokaa nimeupokea. Gregory amejaza kreti kadhaa. Alimkuta Mama Rebeka anakulindia duka, na yule mama akamwambia zile chupa si za kuuza. Gregory akamjibu, "Najua, mama. Ndiyo maana nazirudisha."

Sikulaumu, ila nakuuliza. Mbona nyingine ni za aina ambazo hatujawahi kuleta? Mbona moja imefunguliwa? Na hivi vikaratasi? Kimoja kinasema *Mke wangu asijue.* Kingine kinasema *Usinifungulie hata nikilia.* Nimedhani ni utaratibu wa kibiashara wa huko kwenu. Nimevikata vyote nikavitia kwenye kopo la biskuti. Chupa nzima nimezifuta vumbi, zimeingia kwenye makapu ya Pasaka, na kadhaa zimeshauzwa. Ya nusu Enock ameiweka pembeni.

Rhoda, shelfu mbili nzima za bidhaa zisizouzika, katikati ya Machi. Naona tunakoelekea, nawe unaona. Chumba chako hapa kimepakwa chokaa.

Shangazi yako,
Euphrasia


Runzewe,
23 Machi 2026

Shangazi,

Shikamoo. Nimekupigia. Nusu uliisikia wewe, nusu waliisikia wateja wako, ukaniambia niandike. Naandika, na Gregory amekaa hapa nje kwenye lori anasubiri, hataki kunitazama.

Zile chupa ni za watu. Walizileta niwafungie wasinywe mfungo huu, mpaka Pasaka au Idi. Nilikuandikia tarehe sita kwa basi. Kumbe hukupata. Leseni ilinishika Ushirombo mpaka mkesha wa Idi, na Mama Rebeka alikuwa amefunga duka tangu Gregory alipopita.

Siku ya Idi yule fundi wa kompresa alikuja asubuhi, kanzu imepigwa pasi, mkononi ana sahani ya biriani aliyoniletea. Akaangalia shelfu. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena shelfu.

"Dada Rhoda," akasema taratibu, "mgeni wangu amefika leo."

Nikamwambia imekwenda Shinyanga kimakosa na itarudi. Hakugomba. Alisema, "Sawa, nitamwambia avumilie," akaacha biriani, akaondoka. Heri angenitukana.

Jioni walikuja wote. Deusdedit alisimama mbele ya shelfu tupu muda mrefu. "Mimi nilikuomba usinifungulie," akasema. "Sikukuomba uihamishe mkoa." Walicheka, lakini hakuna aliyenunua soda, na karanga nilikula mwenyewe.

Hapa watu hawana mlango unaofungika, Shangazi. Mtu analala kwenye turubai na watu sita. Waliniletea mimi kwa sababu waliniamini. Zisiporudi kabla ya Pasaka huna haja ya kungoja makapu. Nitafunga mwenyewe.

Nirudishie zilezile. Ya fundi itangulie.

Rhoda


Shinyanga mjini,
30 Machi 2026

Mwanangu Rhoda,

Barua yako ya tarehe sita imefika juzi. Ilikuwa imekaa kwenye dashibodi ya basi wiki tatu, upande mmoja imepauka kwa jua. Kondakta anakusalimia.

Nimefanya hivi. Makapu yaliyokuwa dukani niliyafungua yote. Yaliyouzwa niliyafuata nyumba kwa nyumba, Gregory akiendesha, mimi nikibisha hodi. Mzee Champaklal alikuwa amenunua moja kwa ajili ya wageni wa posa ya mjukuu wake Kunal. Akanirudishia chupa, akasema glasi anabaki nazo. Paskalia wa kwaya alikuwa ameificha ya kwake chini ya kitanda, akanyamaza kwanza kuona kama nitakata tamaa. Sikukata. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa ameifungua yake kuona kama imeharibika. Aliendelea kuhakikisha mpaka chini. Hiyo nimenunua nyingine ya aina ileile.

Mama Naznin alinikuta barabarani nimebeba mizinga mikononi, Jumapili ya Matawi, watu wanatoka kanisani. Hakucheka. Alisema, "Safari hii sikuulizi." Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ya nusu alikuwa nayo Enock. Nilimuuliza iko wapi. Akasema kwa kuwa ilikuwa imeshafunguliwa, hakuona kwamba kuimaliza ni kuvunja mfungo. Hoja hiyo nimemwachia padri. Chupa yenyewe ilikuwepo, nimemwagiza anunue kinywaji kilekile kwa hela yake na aijaze mpaka kwenye mstari. Macho yangu hayauoni mstari vizuri, nimemwamini.

Kila chupa niliyoichukua kwako ipo kwenye lori. Ya fundi iko mbele, kwenye kiti, karibu na Gregory. Vitambulisho viko kwenye kopo lao. Sijui kipi ni cha ipi na sitadanganya kwamba najua.

Nilisema makapu yakirudi unafunga. Hilo sijalibadilisha.

Shangazi yako,
Euphrasia

Charles hujanijibu.


Runzewe,
7 Aprili 2026

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Gregory amefika salama Alhamisi Kuu. Hakutoboa kitu njiani, hata mfuko wa karanga.

Ya fundi nilimpelekea mwenyewe mpaka kwenye kompresa. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza kama mgeni wake alisumbua watu huko Shinyanga. Nikasema alikaa kwa heshima.

Jumapili baada ya Misa walikuja moja kwa moja, na nguo za kanisani. Chupa nilikuwa nimezipanga mezani na kopo la vitambulisho pembeni. Nikawaambia ukweli wote: zilipelekwa, zikauzwa, zikafuatwa nyumba kwa nyumba na mama wa miaka sitini na minane mwenye magoti mabovu. Nikasema kila mtu achukue yake. Nilitegemea vita. Hakuna aliyekosea. Mtu aliyeiangalia chupa yake wiki tatu kupitia kaunta anaijua kwa mgongo.

Alibaki Deusdedit. Akainua yake juu kwenye mwanga. Akatazama mstari wake wa kalamu. Akaigeuza, akatazama tena. Kinywaji kilikuwa juu ya mstari, vidole viwili.

"Rhoda," akasema, "imezaa."

Duka zima likalipuka kwa kicheko. Nilijaribu kueleza habari za Enock, hakuna aliyenisikia. Mwingine akainua yake akalalamika mbona ya kwake tasa. Wakanywa pale nje kidogo, wakanunua nyingine, wakacheza, Mama Rebeka akaishiwa samaki. Na walipokuwa wanaondoka Deusdedit akachora mstari mpya, akanirudishia chupa. "Kaa nayo," akasema. "Mimi sitaki Kwaresima tu. Nikikaa nayo nyumbani naimaliza, wewe ukikaa nayo inaongezeka."

Jana wamerudi kumi. Wanataka niwatunzie mwaka mzima, wanywe kwa kiasi, kila mtu na kitambulisho. Wanaonunua wananunua kwangu kwa sababu chupa inalala kwangu. Enock mwambie asante, na asirudie.

Sasa swali lako. Makapu yote kumi na mawili yako hapa. Hakuna aliyenunua hata moja. Naandika hivyo kwa sababu hilo ndilo uliloniuliza, na Gregory anayarudisha pamoja na barua hii. Nimeanza kutafuta katoni za kupakia. Niambie siku.

Rhoda


Shinyanga mjini,
19 Aprili 2026

Mwanangu Rhoda,

Mwangaluka. Mapacha wamebatizwa leo. Kulwa alinyamaza kanisani, Doto akafanya kazi ya wawili. Enock alikuwa macho muda wote, kwa sababu nilimketisha mbele karibu na padri.

Makapu nimeyapokea, kumi na mawili, utepe haujafunguliwa. Nilisema yakirudi unafunga.

Nimemsomea Mama Naznin barua yako. Yeye ana miaka arobaini kwenye biashara na hacheki ovyo, ukiacha ile siku ya tende. Nilipofika pale pa Deusdedit ilibidi ashike mlango. Akaniuliza lini utafunga. Nikamwambia nina shughuli jikoni.

Gregory anakuletea mzigo wa kawaida, na soda mara mbili. Makapu sikupakia. Mbele kwenye kiti kuna chupa imefungwa kwenye kitenge. Ni ile niliyoitenga kwa ajili ya ubatizo, haikufunguliwa leo kwa sababu Enock aligundua nilipoificha, na nimeona nyumba hii haina mlango unaofungika. Kitambulisho nimeandika mwenyewe. Kiangalie vizuri kabla ya kuiweka shelfu:

*Euphrasia Mageni. Usimfungulie Enock hata akilia. Itolewe Krismasi. Nitaifuata mwenyewe hapo Runzewe.*

Mwambie Charles aandae ngazi. Nataka kuliona hilo dari.

Shangazi yako,
Euphrasia